Jinsi nilivyoponya ukuta wa nyumba ya bibi huko Lamu kabla ya kuuza

Hii nyumba iko mtaa wa Mkomani, mji wa kale, na kila mnunuzi akiingia macho yake ukuta wa ukumbini tu, rangi imefura mapovu, chini unga mweupe wa chumvi, ukigusa unapukutika. Fundi akataka apige simenti upya na rangi ya mafuta juu yake, nikamwambia hapana kaka, simenti ndio inayotuletea balaa, mawe ya matumbawe yanavuta maji toka chini, ukiyaziba unyevu unabaki humo humo. Basi tukabandua simenti mpaka jiwe, tukasugua chumvi kwa brashi kavu (maji usitie), madirisha wazi msimu wote wa upepo wa kaskazi ukuta ukauke, halafu plasta ya chokaa na mchanga uliooshwa kwa maji matamu, mwisho chokaa nyeupe. Pesa nyingi zilienda kwa fundi, vifaa si sana.

Boriti tumezipangusa tu, zidaka (vile vishubaka vya ukutani) tumezipaka chokaa, na hizo ndio wanunuzi wanazopiga picha sasa. Nje sijagusa, mji wa kale uko orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, hubadilishi ovyo. Jikoni mfereji (bomba la maji) mpya na balbu, basi.