Kiraka cha plasta ya jasi: kila kitu kinategemea maji

Kiraka kikibanduka baada ya miezi miwili, lawama huenda kwa unga. Mara nyingi unga hauna kosa. Tatizo ni maji: yalizidi ndooni, au yalinyonywa na ukuta mkavu kabla plasta haijashika, au bado yanapenya kutoka nyuma.

Hayo ya nyuma ndiyo ya kumaliza kwanza. Jasi huyeyuka majini, takriban gramu 2 kwa lita, kwa hiyo ukuta unaolowa kila mara hulainika ukawa kama chaki. Ziba bomba au paa linalovuja, kisha uache ukuta ukauke kabisa. Ukiona chumvi nyeupe imechomoza, usiioshe, maana maji yataiyeyusha na kuirudisha ndani. Ipanguse kwa brashi kavu, rudia kila inapotoka, na usianze kuziba mpaka imekoma.

Sasa gonga ukuta kwa mpini wa bisibisi kuzunguka palipoharibika. Panapolia kama debe tupu, plasta imeachana na tofali. Chora mpaka wake kwa penseli, ukate yote kwa tindo nyembamba, hata kama shimo litakuwa mara tatu ya ulivyotarajia. Kiraka kilichoshikizwa kwenye plasta iliyoachana kitaanguka pamoja nayo. Kingo zichimbwe kidogo kwa ndani, shimo liwe pana ndani kuliko usoni mwa ukuta, ili plasta mpya ijifunge. Rangi inayozunguka shimo ikwanguliwe upana wa sentimita 5.

Ondoa vumbi, kisha nyunyizia maji. Yakitoweka papo hapo, ukuta una kiu, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Unga wa jasi hushika kwa kuungana na maji na kuwa fuwele. Maji yakinyonywa mapema, unabaki na unga mkavu unaokwanguka kwa kucha. Lowesha mara mbili au tatu, kingo zaidi ya katikati, mpaka ukuta uwe na unyevu bila kung'aa. Praima ya plasta, yaani kimiminika kinachopakwa ukutani kabla ya plasta, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kwenye zege laini, maji peke yake hayasaidii. Paka praima yenye chembechembe za mchanga.

Shimo la sentimita 30 kwa 30 lenye kina cha milimita 10 hula karibu kilo 1 ya unga. Weka maji safi ndooni kwanza, kisha mwagia unga juu yake taratibu mpaka vilima vidogo vichomoze. Subiri dakika moja au mbili, halafu koroga. Ndoo na mwiko viwe safi kweli: mabaki ya plasta ya zamani ni mbegu za fuwele, na mchanganyiko mpya utashika mkononi kabla hujaupaka. Ikianza kukaza, itupe. Kuiongezea maji kunavunja fuwele zilizokwisha kuungana, na haitapata nguvu tena.

Shimo refu kuliko milimita 10 hivi lijazwe kwa tabaka. Tabaka la chini liishie milimita 2 chini ya uso wa ukuta, likwaruzwe likiwa bado bichi, na la mwisho lifuate likishashika. Sawazisha kwa ubao ulionyooka unaoegemea plasta ya zamani pande zote mbili. Plasta ikiwa ngumu kiasi kwamba kidole hakiachi shimo, pitisha mwiko wa chuma ukiwa umeulaza karibu bapa, pamoja na ukungu wa maji tu. Acha kabla haijang'aa kama kioo, maana rangi haitashika hapo.

Usizibe jasi kwa saruji, hata kama ndiyo iliyopo. Unyevu ukiingia, salfeti ya jasi huungana na sehemu ya saruji, zinatengeneza fuwele zinazovimba, na kiraka kinasukumwa nje.

Ufa mwembamba upanuliwe kwa skrepa uwe na umbo la V, ujazwe, na juu yake ulazwe utepe wa wavu kabla ya tabaka la mwisho. Ufa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha, unaozidi kupanuka, ni suala la msingi au la kizingiti, plasta haitauponya.

Kushika si kukauka. Plasta hushika ndani ya saa chache, lakini hukauka kwa takriban siku moja kwa kila milimita, na zaidi kukiwa na unyevu hewani. Ikiwa bado na mabaka meusi, subiri. Ikishapauka yote, weka tochi ubavuni mwa ukuta ili mwanga upite juu yake: kila bonde litaonekana. Piga msasa namba 150, kisha 220, ukiwa umevaa barakoa, na ufute vumbi. Rangi ya maji ya mkono wa kwanza izimuliwe kwa maji asilimia 20 hadi 30 ili iingie ndani ya plasta. Ikipakwa nzito itakaa juu kama ngozi na kubanduka na utepe wa kwanza utakaobandikwa hapo.