Makopo matatu juu ya friji

Mpaka mwezi wa tatu, juu ya friji yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, palikuwa na makopo matatu: omega-3, kolajeni, na moja la "kurefusha maisha". Muuzaji ni binti wa jirani, kaingia biashara ya mtandao, nami kumkatalia nikaona haya. Shilingi 145,000 kila mwezi, kwa pensheni ya mwalimu!

Mama mkwe alipokuja kutoka Mvumi akayatazama. "Mama Neema, unaumwa nini?" Nikamjibu siumwi, ni ya afya. Alicheka hadi akajifuta machozi.

Kumbe nilikuwa naumwa. Nina sukari, huu ni mwaka wa 9 nameza metformin, dawa ya kushusha sukari. Nyayo zilikuwa zinawaka usiku, vidole vimekufa ganzi, nami nikasingizia uzee. Kliniki, daktari mmoja kijana akaagiza nipimwe vitamini B12. Ipo chini sana. Akanieleza kwamba metformin ikitumika miaka mingi inaweza kuuzuia mwili kuifyonza B12 vizuri. Nilirudi nyumbani, nikavaa miwani nikasoma lebo zote tatu. B12 hakuna!

Na msiniambie mlenda na ugali wa uwele vinatosha. Navipenda, nimekulia humo, lakini B12 haimo kwenye mboga wala nafaka. Inatoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Nilichomwa sindano, sasa nameza kidonge kimoja cha bei ya kawaida. Mguu wa kulia umetulia. Wa kushoto bado unanisumbua.

Kwa hiyo vidonge sivipingi. Wajawazito hupewa vya madini ya chuma na foliki asidi, na vina kazi yake. Ninachokataa ni kumeza bila kujua unapungukiwa nini. Marekani waliwafuatilia watu 25,871 kwa miaka kama mitano. Vitamini D na omega-3 havikupunguza saratani, wala kiharusi na mshtuko wa moyo kwa ujumla wake.

Kopo la tatu ndilo lililonitisha. Lina beta karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na Mzee wangu, mvuta sigara wa miaka 30, alikuwa akilidokoa. Utafiti wa Finland uliotolewa 1994 ulikuta wavuta sigara waliopewa beta karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Kopo nimelitupa siku hiyohiyo. Sigara bado anavuta.