Veterani wa siku ya yenga: mpira unaojenga na ule unaovunja

Siku ya yenga, yaani Jumapili, asubuhi, kabla misa ya pili haijatoka, viwanja vya Katuba, Kenya na Ruashi, mitaa ya hapa Lubumbashi, vimekwisha kujaa wanaume wa miaka 35 hadi 55. Jezi zinafanana, matumbo hayafanani. Fundi gari yupo, mwalimu yupo, muuza vocha yupo, na muzee mmoja mstaafu ambaye hataki kutoka hata akiitwa mara tatu. Nyumbani swali ni lile lile: pale mnapata nini?

Ni swali zuri, na jibu langu ni kwamba mpira unamfaa mtu wa kawaida kuliko unavyomfaa mchezaji wa kulipwa. Yule analipwa ili auchakaze mwili wake. Wewe unacheza ili mwili ukuchukue miaka thelathini mingine. Ila jinsi veterani wengi wanavyocheza ni kuliharibu jambo zuri: mara moja tu kwa juma, watu 22 kwenye uwanja mzima, dakika 90 za kiburi, bila kupasha misuli moto, halafu moja kwa moja kwenye terasi, yaani baa.

Tuanze na kipimo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au dakika 75 hadi 150 za mwendo mkali, na siku mbili za kazi ya misuli. Mwendo wa wastani ni ule ambao bado unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mkali ni ule ambao maneno matatu yanatosha kukukata pumzi. Mechi ya uwanja mzima haikupi hesabu hiyo vizuri, kwa sababu uwanja wa mita 105 kwa 68 wenye watu 22 unamfanya beki wa miaka 48 asimame dakika nne, kisha akimbie mita thelathini kwa nguvu zote, kisha asimame tena. Mwili wa baridi unaolazimishwa mbio za ghafla ndio unaokatika.

Peter Krustrup na watafiti wenzake wa Denmark walichukua watu wasio na mazoezi wakawachezesha mpira wa timu ndogo, mara mbili au tatu kwa juma, kwa miezi kadhaa. Shinikizo la damu lilishuka, pumzi ikaongezeka, na mafuta ya mwili yakapungua. Ufundi wa kupiga balo haukuwa na maana yoyote. Siri ni udogo wa timu: mkiwa watano kwa watano au saba kwa saba, balo inakufikia kila mara, hakuna pa kujificha, na mbio ni fupi.

Kwa hiyo gaweni uwanja. Mita 40 kwa 25 zinatosha. Wekeni matawi au mawe manne ya goli, goli la mita mbili, bila kipa, ili hata mwenye tumbo akimbie. Chezeni vipindi vinne vya dakika 10 hadi 12, na kati ya kipindi na kipindi mpumzike dakika mbili au tatu mkitembea, si mkiketi. Fanyeni hivyo siku ya yenga, na mara nyingine katikati ya juma jua linapolegea. Vikao viwili vya dakika 45 vinampita kwa mbali mtu wa mechi moja ya dakika 90. Anayerudi baada ya miaka mitano ya kukaa aanze na vipindi viwili tu, majuma matatu ya kwanza, hata kama moyo wake unamwambia bado ana miaka 20.

Sasa kupasha mwili moto, mahali ambapo veterani hudanganya zaidi. Kupiga mashuti kwa kipa siyo kupasha moto. Ni kukata msuli wa paja mapema. Kuna utaratibu wa FIFA unaoitwa 11+, mazoezi 15 ya dakika kama 20: dakika 8 za kukimbia polepole na kugeuka, dakika 10 za nguvu na mizani, dakika 2 za mbio za kasi. Ukikosa subira ya yote, usiache haya. Simama mguu mmoja sekunde 30, mara mbili kila mguu, goti likiwa limekunjwa kidogo na halianguki kwa ndani. Lala kifudifudi ukijiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, sekunde 20 hadi 30, mara tatu. Chuchumaa na kuinuka kwa sekunde 30, mara mbili. Mwisho ni zoezi la msuli wa nyuma ya paja: piga magoti juu ya nguo iliyokunjwa, mwenzako akukandamize vifundo vya miguu, kisha uanguke mbele polepole ukiwa umenyooka kuanzia magoti hadi kichwa, ukijizuia kwa nyuma ya paja mpaka ushindwe, ndipo udakwe na mikono yako. Mara 3 hadi 5 zinatosha mwanzoni. Siku ya kazi moja, yaani Jumatatu, utasikia maumivu. Ni kawaida, yatapungua juma la tatu. Timu zinazolifanya zoezi hili kwa uaminifu hupunguza mikatiko ya msuli huo kwa karibu nusu. Sijui dawa yoyote ya farmasi inayouzwa bure kiasi hicho.

Ardhi yetu nayo ina lake. Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, udongo mwekundu unakuwa mgumu kama saruji, na juu yake kuna vumbi linaloteleza. Viatu vya krampo ndefu (meno ya chini ya kiatu), vile vya mitumba vilivyotoka kwenye majani ya Ulaya, haviingii ardhini: vinakufanya usimame juu ya vidole vya chuma, na siku moja kimoja kinakwama kwenye ufa, mwili unazunguka, goti linabaki. Chukua viatu vya vidutu vingi vifupi vya mpira. Balo namba 5 inaruhusiwa upepo wa shinikizo la atmosfia 0.6 hadi 1.1. Kwenye ardhi ngumu kaeni karibu na 0.6, isirukeruke na watu wasirukie vichwa bila sababu. Na mtu apite na reki kabla ya mechi. Vipande vya chupa vya jana usiku vinaonekana tu jua likiwa chini.

Kifundo cha mguu kikipinda, kosa la kwanza la mtaani ni mkandaji. Anakamata mguu, anauvuta, anauzungusha, anapaka dawa ya moto. Uvimbe unapanda mara mbili. Fanya hivi. Jaribu kutembea hatua nne. Ukishindwa, nenda ukapigwe picha ya mfupa. Ukiweza, bonyeza kwa kidole gumba ukingo wa nyuma wa nundu mbili za kifundo, ya ndani na ya nje, kuanzia ncha ya chini kupanda kama sentimita 6. Kisha mfupa unaotokeza katikati ya ukingo wa nje wa mguu, na ule ulio juu ya upinde wa ndani. Mfupa wenyewe ukiuma ukibonyezwa, picha. Ukiuma tu kwenye nyama mbele ya nundu, funga bendeji ya kuvutika, inua mguu juu ya mto, weka barafu iliyozungushiwa kitambaa dakika 15, na baada ya siku mbili tatu anza kuuzungusha polepole. Unarudi uwanjani siku utakapoweza kuruka mara kumi kwa mguu huo mmoja bila maumivu. Wengi wanarudi maumivu yakipungua, mizani bado haijarudi, na kifundo kile kile kinapinda tena.

Ukisikia kama umepigwa teke nyuma ya kisigino, ukageuka na hakuna mtu, hiyo ni kano ya kisigino. Lala kifudifudi, mwenzako aminye nyama ya nyuma ya ugoko. Wayo usiposogea, kano imekatika, nenda hospitali leo. Goti lililotoa mlio na kuvimba ndani ya masaa machache nalo si la kukandwa.

Kuna desturi moja inanikera: kumeza diklofenaki kabla ya mechi ili goti lisiseme. Goti linalonyamazishwa huendelea kuharibika, na dawa hiyo, ukiwa umekaukiwa na maji, inaupiga figo.

Kuhusu moyo sitazunguka. Kama shinikizo lako ni 180 kwa 110 au zaidi, usicheze mpaka lishuke. Ukisikia kifua kinabana ukipanda ngazi, ukizimia, au nduguyo wa damu alianguka ghafla akafa kabla ya miaka 50, daktari kwanza. Ukiwa na homa, baki nyumbani. Malaria hupanua bandama, na kiwiko kimoja ubavuni kushoto kinaweza kuipasua, kwa hiyo hata baada ya homa kuisha subiri daktari akupapase. Mwenye damu ya AS (amebeba sikoseli bila kuugua) asisukumwe mbio za mfululizo bila kupumzika, na mwenye SS (mgonjwa wa sikoseli) acheze kwa ruhusa tu, bila baridi wala kiu. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi si za mchezo.

Mtu akianguka bila kuguswa na hapumui sawasawa, watu hupiga kelele "kifafa!", wanamtia kijiko mdomoni na kummwagia maji. Moyo umesimama. Piga magoti kando yake, weka viganja viwili katikati ya kifua, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mkipokezana kila dakika mbili, huku mwingine anatafuta gari. Kukoroma na kutikisika kidogo mwanzoni si dalili ya uzima.

Wamama nao wasiachwe kwenye benchi na watoto. Nzango, mchezo wa wanawake wa kuruka kwa miguu, inadai mahali palipo safi tu: mistari miwili inatazamana, makofi na nyimbo, mnaruka na kutupa mguu, na pointi inategemea mguu gani umekutana na mguu gani. Miruko hiyo inajenga mifupa kuliko kutembea. Waanze na dakika kumi juu ya udongo uliolegea, si juu ya saruji ya uwanja wa kanisa.

Na terasi? Saa moja ya mpira humchomea mtu wa kilo 80 kama kalori 560. Chupa kubwa ya bia inarudisha kati ya 250 na 300. Chupa mbili, mumelipana. Kwanza maji, kisha bukari (ugali), ndipo mengine.

Kutazama ni jambo jingine, na halijengi misuli. Lakini mji huu haungejua kujiongelea bila mpira. Mazembe na Lupopo, vilabu vyetu viwili vikubwa, wote walizaliwa mwaka 1939. Weusi kwa weupe upande huu, manjano na bluu ya watu wa reli upande ule. Mazembe wakachukua kombe la Afrika 1967 na 1968, wakarudi 2009, 2010 na 2015, na mwezi wa 12 mwaka 2010 wakaifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuingia fainali ya dunia ya vilabu, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Inter ya Milan ikashinda 3-0, lakini hadi leo mtoto ambaye hakuwa amezaliwa anajua kuruka kwa makalio kama Kidiaba, kipa wa Mazembe wa wakati ule. Mtu asiye na cheo chochote ana haki ya kitu kama hicho, na uwanja wa Kamalondo unampa jirani wa kukaa naye.

Ila mwenye moyo mgonjwa ajue. Ujerumani, wakati wa Kombe la Dunia la 2006, madaktari wa Munich na sehemu za jirani walihesabu dharura za moyo: siku timu yao inacheza, zilikuwa mara 2.66 ya siku za kawaida, na kwa wanaume zaidi ya mara tatu. Meza dawa zako za presha kwa wakati, usizirushe kwa sababu ya derby, na usitazame ukiwa na bia, sigara na njaa kwa pamoja.

Kinachoharibu kutazama ni tiketi ya pari, yaani ya kubeti. Chukua mechi yenye bei (mara ngapi unalipwa pesa uliyoweka ukipatia) 2.10 wenyeji wakishinda, 3.20 sare, 3.30 wageni wakishinda. Gawa moja kwa kila bei: 0.476, 0.3125, 0.303. Jumla ni 1.09, badala ya 1. Hiyo ziada ndiyo ya wenye pari: kila faranga 1,000 unazoweka, kwa wastani zinarudi kama 916. Unganisha mechi nane za namna hiyo kwenye tiketi moja, na wastani unashuka kwenye 500. Hata kama kila mechi una nafasi 60 kwa 100, zote nane kutimia ni mara moja kwa kama mara 60. Kijana anayeniambia "nilikosa moja tu, muzee" hajui kwamba kwa hesabu hiyo kukosa moja tu hutokea kama mara tano zaidi ya kupata zote.

Timu ya veterani 20, kila mmoja akiweka kwenye kopo faranga za tiketi moja kila juma, inapata bendeji tatu za kuvutika, sabuni, pamba, glovu, mashine ndogo ya kupima presha, na kidumu cha maji safi cha lita 20. Kinachobaki kinunue pampu na sindano mbili za akiba, maana balo yetu hukosa upepo kila siku ya yenga watu wakiwa wamekwisha vaa.