Tafakari ya wiki: Furaha ya Afrika Kusini, kilio cha Rusumo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Luka 13:1-5. Watu wanamletea Yesu habari ya mjini: Pilato amewaua Wagalilaya wakiwa ibadani, damu yao ikachanganyika na dhabihu zao. Naomba tulisome tukiwa na tarehe moja akilini, 28 Aprili 1994, siku ya Alhamisi.

Siku hiyo Afrika Kusini ilikuwa inapiga kura, uchaguzi wake wa kwanza wa watu wa rangi zote. Jana yake Mandela alikuwa ametumbukiza karatasi yake ya kura huko Inanda, nje ya Durban, jirani na kaburi la John Dube, rais wa kwanza wa ANC, chama cha Mandela. Foleni bado zilikuwa ndefu, bibi na babu wakipiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwao. Waandishi wa habari kutoka kila pembe ya dunia walikuwa huko. Sisi Watanzania tuliwapokea vijana wa ANC Mazimbu na Dakawa, mkoani Morogoro, kwa miaka mingi, kwa hiyo furaha ile ilikuwa yetu pia. Ilikuwa halali kabisa kumwimbia Mungu.

Siku hiyohiyo, kwenye daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, Wanyarwanda walikuwa wanamiminika kuingia Ngara, huku mauaji ya kimbari ya Watutsi yakiendelea nchini mwao. Kati ya tarehe 28 na 29, kwa muda wa siku moja tu, walivuka watu wapatao 250,000. Chini yao Mto Kagera ulikuwa unapitisha maiti, nyingine zikafika hadi Ziwa Victoria. Kwenye mpaka kulikuwa na rundo la mapanga ambayo wavukaji waliamriwa kuyaacha kabla ya kuendelea, mapanga ya kawaida kabisa, yale ya kukatia migomba na kuni. Watu wakaenda kutua Benaco, na ndani ya siku chache vilima vile vikawa kambi kubwa kuliko miji yetu mingi. Wahangaza wa Ngara hawakuhitaji mkalimani. Lugha yao inasikilizana na Kinyarwanda, kwa hiyo walielewa kila neno la kilio kile.

Na Washington? Siku hiyohiyo msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani aliulizwa kama yanayotokea Rwanda ni mauaji ya kimbari, naye akalizunguka swali. Wiki moja kabla, Baraza la Usalama lilikuwa limeamua kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda wabaki 270.

Sasa turudi kwa Luka. Waliomletea Yesu habari walikuwa wanatafuta maelezo, naye anaijua hoja iliyo mioyoni mwao: waliokufa lazima walikuwa na dhambi kubwa kuliko wengine. Hoja hiyo tunaijua. Msiba ukitokea mbali tunasema ni laana ya nchi ile, au ukabila wao, au tunahesabu dalili za siku za mwisho kisha tunaendelea na chai. Yesu anajibu kwa neno moja: "Sivyo." Halafu yeye mwenyewe anaongeza habari nyingine, ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu kumi na wanane, na anajibu vilevile. Kisha anawageukia wasimulizi: "msipotubu."

Kwa nini toba, wakati waliokufa ni wengine? Mimi naona jibu lake Nyarubuye. Ni parokia iliyo upande wa Rwanda, si mbali na Rusumo. Katikati ya Aprili ile watu walikimbilia kanisani, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya, na humohumo kanisani wakauawa. Damu na madhabahu, kama wale Wagalilaya. Mkuu wa komuni (eneo la utawala) ya Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, aliyeongoza mauaji hayo, alikimbilia Tanzania kama mkimbizi, akakamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001, na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha, iliyosikiliza kesi za mauaji ya Rwanda, ikamhukumu hatimaye kifungo cha maisha. Rwanda ile ilikuwa nchi ya Wakristo. Muuaji na aliyeuawa wengi wao walikuwa wamebatizwa, wanajua nyimbo zilezile na Baba Yetu ileile. Nikikumbuka hilo siwezi kumwomba Mungu awageuze "wale" peke yao.

Hata foleni ya Rusumo haikuwa ya watu wa aina moja. Wengi walikuwa wakiikimbia RPF, jeshi la waasi lililokuwa likipigana na serikali ya Rwanda; walikuwemo akina mama na watoto wasio na hatia, na katikati yao wakapita watu wenye damu mikononi. Aliyewapa maji asingeweza kuwatofautisha. Wapo wanaosema huruma ile ilikuwa ya kijinga. Nakataa kwa moyo wangu wote. Mwenye kiu alipewa maji, na kesi ikaja kusikilizwa Arusha. Vyote viwili vilihitajika.

Paulo anaandika katika Warumi 12:15, "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Ni mstari mmoja, na Alhamisi ile ulidai vyote viwili kabla jua halijazama. Wengi tulitii nusu ya kwanza. Redio ilikuwa imejaa Johannesburg, na Rwanda ilisikika kama kelele ya mbali, ingawa ilikuwa mpakani kwetu.

Wiki hii, taarifa ya habari ya usiku ikiisha, msizime mkalala. Chagueni habari moja ya furaha na moja ya kilio, mzitaje kwa majina ya mahali, watoto wakiwepo. Mkikosa maneno, anzeni hivi:

Ee Baba, tunakushukuru kwa kila nchi iliyopiga kura kwa amani. Tunakulilia kwa ajili ya Goma na Darfur, na kwa ajili ya wakimbizi walioko kambi ya Nyarugusu, Kigoma, usiku huu. Utuondolee chuki ya kabila iliyomo humu ndani mwetu, kwenye kwaya yetu, kwenye jumuiya yetu, kwenye vikao vyetu vya harusi. Utusamehe tuliposikia tukanyamaza. Kwa jina la Yesu, Amina.