Mwani katika tangi la maji ya bahari: uzoefu wangu Dodoma

Nilizaliwa na kukulia Tanga, na nilipohamishiwa Dodoma kikazi nilijua kwamba kitakachoniuma zaidi ni kuwa mbali na bahari. Baada ya kuweka akiba kwa miaka miwili nilinunua tangi la kioo lenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 40. Nikaagiza Dar es Salaam chumvi maalumu ya matangi ya samaki, kwa kuwa chumvi ya mezani haina kalisi na magnesi wanazohitaji viumbe wa baharini, nikapanga mchanga wa chokaa na mawe makavu, maana sikutaka kuwa na tangi lililojengwa kwa matumbawe hai yaliyong'olewa baharini.

Wiki sita za mwanzo zilikuwa za kuwasubiri bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu unaooza, kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mwani. Katika wiki ya tatu mchanga ulifunikwa na utando wa rangi ya kahawia, laini kama vumbi la kiangazi lililotua juu ya meza, na ukiugusa kwa kidole unanyanyuka na kuyatia maji uchafu. Hizo ni dayatomu, mwani mdogo mno unaojijengea ganda kwa silika, madini ya mchanga na kioo, iliyoyeyuka katika maji. Karibu kila tangi jipya hupitia hatua hiyo, na kwa kawaida silika ikipungua utando nao hutoweka. Wangu haukutoweka. Kufikia wiki ya kumi, nikiwa nimekwisha kuweka samaki wawili, juu ya mawe yaliota manyoya ya kijani yenye urefu wa sentimita tatu hadi nne, yakiyumba na mkondo wa pampu kama nywele zilizolowa.

Kwa miezi miwili nilipambana na nilichokiona kwa macho. Kila Jumamosi nilisugua jiwe moja moja kwa mswaki, na kufikia Alhamisi manyoya yalikuwa yamerudi. Kisha nikanunua dawa ya kuua mwani. Maji yaling'aa kwa siku chache, lakini mwani ule uliokufa ulibaki humo humo ukioza, ukala oksijeni na kurudisha majini virutubisho vyote ulivyokuwa umevinyonya. Samaki mmoja alikufa. Nilihuzunika sana, kwa sababu kiumbe yule hakuwa na pa kukimbilia, na aliyeyaharibu maji yake nilikuwa mimi.

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu anayesoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma. Aliniuliza maji ninayojazia yanatoka wapi, nikamwambia ni ya kisima, yale yale tunayokunywa. Akasema, "Mjomba, kabla hujanunua dawa nyingine, hebu tuchemshe lita moja mpaka ikauke tuone kitakachobaki." Tuliweka sufuria jikoni tukasubiri. Maji yalipokwisha, chini palibaki ukoko mweupe uliokwaruza ukucha. Akaniambia, "Haya ndiyo unayowaongezea samaki wako kila asubuhi."

Hapo ndipo nilipoanza kupima. Nilibandika mkanda wa karatasi kwenye kioo na kuweka alama ya penseli kila asubuhi. Hewa ya Dodoma ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na tangi langu halikuwa na kifuniko. Maji yalishuka karibu nusu sentimita kwa siku, yaani lita mbili na nusu, au lita 75 kwa mwezi. Kinachokauka ni maji matupu, ilhali chumvi, silika na nitrati hubaki. Maji yetu ya kisima yalionyesha nitrati miligramu 25 kwa lita. Kwa mnywaji hayana tatizo, kwa kuwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50, lakini ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga tangi langu lina lita 160 hivi za maji, kwa hiyo kujazia peke yake kulikuwa kunaongeza karibu miligramu 12 kwa kila lita, mwezi baada ya mwezi.

Nilinunua mashine ya kuchuja maji kwa utando wa osmosisi, unaopitisha maji na kuzuia sehemu kubwa ya madini, pamoja na chujio la mwisho la chembechembe za kunasa madini, ambalo ndilo hasa linalokamata silika inayoponyoka kwenye utando. Kwa kila lita moja safi, lita tatu hivi hutoka kama masazo. Katika mji ambao maji ni ya kuhesabiwa, jambo hilo lilinikera, basi tunayakinga kwenye pipa na kuyatumia chooni na kufanyia usafi. Nilifikiria pia maji ya mvua, lakini paa letu ni la mabati, na zinki ni sumu kwa konokono.

Tangu hapo najazia maji yaliyochujwa tu, na kila wiki nabadilisha ndoo moja ya lita 20 niliyoichanganya na chumvi siku moja kabla, gramu 35 hivi kwa lita. Nilihamisha tangi kutoka dirisha la mashariki, nikapunguza muda wa taa kuwaka kutoka jumla ya saa 12 kwa siku hadi jumla ya saa 8, na nikaacha kuwapa samaki dagaa wa kusaga, ambao mifupa yao ina fosfati nyingi, nayo pia hulisha mwani. Mvuvi mmoja, rafiki wa nyumbani Tanga, alinishauri niweke tasi, na ni kweli kwamba tasi hula mwani mchana kutwa, lakini hukua kupita sentimita 30, na kumfungia ndani ya mita moja ya kioo ni kumtesa.

Nitrati iliposhuka chini ya miligramu 10, ndipo nilipoagiza konokono 12 wa baharini, waliokuja kwa basi la usiku. Kwa saa moja na nusu niliwadondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwenye chombo chao, kwani konokono hawahimili mabadiliko ya ghafla ya chumvi. Manyoya ya kijani niliyang'oa kwa mkono na kuyatoa nje kabisa, badala ya kuyaacha yaelee, nao konokono wakamalizia mabaki yaliyoshikamana na mawe. Ilichukua wiki tisa.

Leo napangusa kioo kila baada ya siku nne. Nyuma ya pampu kuna kipande cha mwani chenye upana wa kiganja ambacho sikigusi, kwa sababu kila usiku taa ikizimwa nawakuta konokono watatu au wanne wamekusanyika hapo wakila.