Kosmosi, samadi na mndimu wangu

Kiwanja chetu cha Nyegezi ni mawe matupu, kama vilivyo vingi hapa Mwanza. Kati ya jiwe na jiwe kuna udongo kidogo wa kichanga. Hapo ndipo nilipopanda maua ya kosmosi, baada ya binti yangu kuchora kipepeo shuleni kisha akaniuliza mbona kwetu hawaji.

Mara ya kwanza niliharibu kwa bidii. Vuli ilipoanza nilimwaga ndoo tatu za samadi, nikachanganya vizuri, nikasia. Siku kumi hazikuisha, zikachipua. Nikawa najisifu: zimenipita kiuno, majani membamba kama ya karoti. Ila maua, hata moja! Upepo wa mchana ulipopiga kutoka ziwani ukazilaza zote chini. Mama mkwe akazitazama, akasema, "Mwanangu, hapa umelima majani."

Kumbe mbegu chache zilikuwa zimedondoka kwenye changarawe, ubavuni mwa jiwe, ambako samadi haikufika. Zile ziliishia gotini, nazo zilikuwa zimejaa maua. Mmea huu asili yake Mexico, na udongo hafifu unautosha. Ukiushibisha, nguvu zote zinakwenda kwenye majani.

Masika sikuweka kitu. Nilitifua udongo tu, mahali panapopigwa jua kutwa, nikasia papo hapo bila kitalu, nikafukia kidogo sana. Miche ilipofika shibiri moja na nusu nilikata ncha ili itoe matawi. Zile za rangi ya chungwa zilichanua baada ya kama miezi miwili. Ua likinyauka nalikata, maana mmea ukianza kukomaza mbegu unapunguza kuchanua. Machache nayaacha kwa ajili ya mbegu, nyeusi na nyembamba kama vijisindano.

Vipepeo wanakuja kuanzia saa nne hivi, mawe yakishapata moto. Wanaanza kuota jua juu ya jiwe, mabawa wazi, ndipo wanaingia kwenye maua. Ukichuchumaa bila kutikisika utaona mrija wa mdomo ukikunjuka, unadunga pale katikati penye njano, unatoka, unadunga tena pembeni kidogo. Pale si kitu kimoja. Ni vijiua vingi vidogo, na kila kimoja kina utamu wake, yaani nekta.

Nilidhani kazi imeisha, hadi nilipokuta majani ya mndimu yameliwa na juu yake kuna vitu kama kinyesi cha ndege. Nikaleta pampu ya dawa. Binti yangu akagusa kimoja kikubwa, cha kijani, kikatoa pembe mbili za rangi ya chungwa na harufu kali. Viwavi! Ni watoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayeshinda kwenye kosmosi zangu. Nekta anainywa huku, mayai anataga kule.

Pampu nimeirudisha stoo. Matawi mawili ya mndimu yamebaki vijiti, na mama mkwe anauliza ndimu ya samaki sato tutaitoa wapi.