Wakala niliyemwacha na wakala niliyemkuta

Nilipoondoka Tanga mwaka 2006 kwenda Muscat, wakala kwangu alikuwa mtu mwenye ofisi na mihuri, anayetoa mizigo ya watu bandarini kwa niaba yao. Niliporudi, shangazi alinituma kwa wakala, nami nikamuuliza ni mzigo gani umefika. Watoto walicheka sana. Wakala aliyekusudiwa alikuwa binti aliyeketi chini ya mwavuli huko Ngamiani, mwenye simu mbili na daftari, ambaye kazi yake ni kuwawekea na kuwatolea watu fedha. Huduma ya M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, miaka miwili baada ya kuondoka kwangu, kwa hiyo maana hiyo mpya ilikua mimi sipo.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupatia wakili, kuwakilisha, hata tawakali inayoandikwa ubavuni mwa majahazi. Kiini chake ni kumkabidhi mwingine jambo lako. Muscat nilizoea kuliona kwenye maduka makubwa ya magari mapya, na Kairo lipo jengo la Wakala ya al-Ghuri, lililojengwa mwaka 1504 hadi 1505 ili wafanyabiashara wahifadhi bidhaa zao na kulala humo. Huko wakala ni mahali, ilhali kwetu amekuwa mtu, ingawa sasa nawasikia vijana wakisema "pale kwenye wakala", kana kwamba neno linarudi lilikotoka. Serikali nayo ina mawakala wake, kama Wakala wa Barabara na Wakala wa Vipimo, ila huko hakuna anayekwenda kutoa fedha.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza shangazi kwa yule binti. Alimpa simu yake na kuanza kumtajia namba ya siri kwa sauti, mbele ya watu wanne waliokuwa kwenye foleni. Nilishtuka, lakini nikatambua kwamba alikuwa akimfanya wakala kwa maana ya kale kabisa, yaani kumkabidhi kila kitu. Binti hakukubali. Alimrudishia simu, akamwambia, "Bonyeza mwenyewe, bibi," kisha akageuza uso kutazama barabarani mpaka shangazi alipomaliza.